Zukini inadhoofika: soma mche kabla ya kushika bomba la dawa

Mche wa zukini ukibadilika rangi tu, wengi hukimbilia bomba. Nashauri bomba likae kwanza. Matatizo mengi ya zukini kwenye bustani ya nyumbani hayatibiki kwa kupuliza: ni maji, ni uchavushaji, au ni virusi ambavyo havina dawa. Jiulize kwanza: tatizo limeanzia majani ya zamani au machanga? Mche unaonekanaje alfajiri? Na upande wa chini wa jani kuna nini?

Mnyauko wa mchana usikutishe. Majani ya zukini ni mapana, na jua likiwa kali hupoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyafidia. Yakilala saa nane mchana, yaache, uyaangalie tena jioni au alfajiri. Yakiwa yamesimama, mche hauna tatizo. Kuumwagilia kila unapoinama ndiko kunakoozesha mizizi.

Mche usiposimama hata alfajiri, chomeka kidole chote udongoni. Pakiwa pakavu, jibu umelipata. Udongo ukiwa na unyevu na mche bado umelala, chunguza shina karibu na ardhi: tundu lenye uchafu kama unga wa mbao linamaanisha kuna kiwavi ndani. Shina likiwa zima, ng'oa mche mmoja ulioathirika zaidi. Mizizi yenye vinundu vilivyovimba ni kazi ya minyoo fundo, na hapo usirudishie jamii ya maboga, matango wala nyanya msimu ujao. Mizizi ya kahawia inayochunika ukiivuta imeoza kwa maji yaliyotuama.

Kipimo cha maji ninachoanzia ni lita 25 kwa wiki kwa kila mita moja ya mraba, zigawanywe mara mbili au tatu, zimwagwe chini na si juu ya majani. Ongeza wakati wa joto kali na mche ukianza kuzaa. Matandazo ya sentimita 5 yanasaidia sana, ila yasiguse shina.

Kuhusu manjano, jani moja au mawili ya chini kabisa kuzeeka na kufa ni kawaida. Majani ya chini yakipauka yote kwa pamoja, tena mapema, mche una njaa ya naitrojeni. Ongeza mboji au samadi iliyoiva vizuri. Yakigeuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, kinachopungua ni magnesi: yeyusha gramu 20 za salfeti ya magnesi kwenye lita moja ya maji, upulize jioni. Mchoro huohuo ukitokea kwenye majani machanga ya juu, shida ni chuma, na mara nyingi udongo una pH (kipimo cha tindikali) ya juu mno. Zukini hupenda 6.0 hadi 6.8.

Weupe ndio unaowachanganya watu zaidi. Aina nyingi za zukini zina mabaka ya fedha kwenye pembe za mishipa, yenye mpangilio ule ule jani kwa jani. Hayo ni maumbile. Sugua kwa kidole gumba: unga ukitoka, ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Jani changa likigeuka la fedha lote, ligeuze utazame kama kuna inzi weupe. Ubwiriunga hauhitaji jani lililolowa ili uote, kwa hiyo hata anayemwagilia chini kwa uangalifu anaweza kuupata. Kivuli, msongamano na kiu ya mizizi huuchochea. Panda kwa nafasi ya sentimita 90, kata majani yaliyoathirika zaidi bila kuzidi theluthi moja ya mche, kisha puliza maziwa sehemu 1 kwa maji sehemu 9 kila wiki, juu na chini ya jani. Hii inakinga kuliko inavyoponya, hivyo anza doa la kwanza likionekana. Salfa nayo inafanya kazi, lakini joto likipita nyuzi 30 huunguza majani ya zukini.

Majani machanga yakiwa na mabaka ya kijani kibichi na manjano, yamejikunja, yana malengelenge au yamekuwa membamba, na matunda yana manundu, huo ni ugonjwa wa batobato, unaoletwa na virusi. Usisubiri upone. Vidukari huambukiza virusi hivi kwa muda mfupi sana wa kufyonza, mara nyingi kabla dawa haijawaua. Ng'oa mche, uutie kwenye mfuko palepale ili vidukari wasihamie mche wa jirani, kisha osha mikono na kisu.

Sasa matunda yanayoozea ncha. Karibu kila mtu husema ni upungufu wa kalsiamu, na mara nyingi si kweli. Tunda likikwama kwenye sentimita 5 hadi 8, ncha ikawa ya manjano, laini na iliyosinyaa, halikuchavushwa vya kutosha. Kuoza kitako kwa ajili ya kalsiamu huacha doa jeusi lililodidimia na gumu kama ngozi, kwenye tunda ambalo lilikuwa linakua vizuri. Hapo sawazisha umwagiliaji kabla ya kununua mbolea yoyote.

Maua ya kwanza mara nyingi huwa madume matupu, na yakidondoka hakuna kilichoharibika. Ua jike lina kizukini kidogo nyuma yake, na hufunguka asubuhi moja tu. Kama nyuki ni wachache au mvua inanyesha, chavusha mwenyewe kabla ya saa nne asubuhi: chuma ua dume lililofunguka siku hiyo, ondoa petali zote, halafu paka chavua yake kwenye kila sehemu ya kichwa chenye kunata katikati ya ua jike. Ukigusa upande mmoja tu, tunda hupinda au huwa nene upande mmoja. Dume moja linatosha majike mawili au matatu. Chuma matunda yakifika sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa moja likiachwa linenepe, mche hupunguza kuzaa.

Kuna kasoro moja ambayo jani halitakuonyesha. Zukini iliyooteshwa kwa mbegu za kuhifadhi, hasa kama maboga ya mapambo yalikuwa karibu, inaweza kuwa na kukurbitasini, sumu chungu sana ambayo kupika hakuiondoi. Kata kipande kidogo kibichi, kiguse kwa ulimi, kiteme. Kikiwa kichungu, tupa tunda, ng'oa mche wote, na mbegu zilizobaki za kundi hilo usizipande tena.