Intaneti ya setilaiti ni nini, na inafaa wapi mafuriko yakija

Madishi bapa yaliyoanza kuonekana kwenye mapaa ya Kasarani na Ruaka si ya televisheni. Yamelala yakitazama juu, hayana ule mkono wa mbele, na waya wake unaishia kwenye ruta ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo intaneti ya setilaiti: huduma ambayo kifaa chako kinawasiliana na chombo kinachozunguka dunia, badala ya mnara wa simu ulio mtaani au faiba, yaani waya wa intaneti, iliyoletwa hadi mlangoni.

Ukifungua ukurasa wowote, ombi lako linapanda kutoka kwenye dishi hadi kwenye setilaiti, linashushwa kwenye kituo cha ardhini, na hapo linaingia kwenye faiba kama data nyingine yoyote. Jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo faiba bado ipo, ila kijiji hakilazimiki kuingoja. Inatosha ifike kwenye kituo cha ardhini, hata kama kituo chenyewe kiko mamia ya kilomita mbali.

Kenya si mgeni katika mambo haya. Kituo cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi simu za kwenda ng'ambo zilipitia huko. Hata intaneti yetu ya kwanza ilitegemea setilaiti, hadi nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009. Waliotumia cyber za wakati ule wanakumbuka ilivyokuwa ghali na nzito.

Uzito ule ulitokana na umbali. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta, mahali ambapo mzunguko wake unalingana na wa dunia, hivyo kwetu zinaonekana kama zimesimama. Dishi linaelekezwa mara moja, basi. Lakini ombi kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, ni safari ya zaidi ya kilomita 140,000. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde inaishia njiani kabla hata kompyuta ya upande wa pili haijafanya kazi yake. Barua pepe haioni tofauti, lakini kwenye simu ya video watu wanakatizana kila sentensi.

Setilaiti za sasa zimeshushwa. Za Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, na ule ucheleweshaji wa nusu sekunde umeondoka. Gharama yake ni kwamba haziwezi kutulia sehemu moja. Kila moja huzunguka dunia kwa takriban dakika 95, ikipita juu yako kwa dakika chache tu, na dishi linahamia kwa inayofuata bila mtu kuligusa. Ndiyo maana zinahitajika kwa maelfu.

Kuna jambo ambalo matangazo hayalitaji sana. Setilaiti ina uwezo wa kiasi fulani kwa kila eneo, na wote walio katika eneo hilo wanagawana, kama abiria wa matatu moja. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya wa nyumbani Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ilichukua miezi kadhaa kabla ya kufunguliwa tena. Wakati huohuo, sehemu kubwa ya kaskazini nafasi ilikuwepo tele. Kwa maoni yangu, mtu wa Kilimani mwenye faiba getini akinunua dishi amenunua spea, na hakuna ubaya. Shule au zahanati ya North Horr, kule kaskazini, ikinunua dishi, imenunua mtandao wenyewe.

Sasa tuje kwa mafuriko. Mvua za mwaka 2024 zilipofagia nyumba za Mathare, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yakapasua Mai Mahiu, wengi walitambua jinsi mawasiliano ya kawaida yanavyotegemea vitu vingine. Mnara wa simu unaweza kubaki umesimama wima. Stima ikipotea, unaendeshwa na betri kwa saa chache, halafu na jenereta, na jenereta inataka dizeli, na lori la dizeli linataka barabara. Faiba nayo mara nyingi imepitishwa kando ya barabara hiyohiyo na kuvushwa kwenye daraja lilelile. Daraja likienda, nayo inaenda.

Hapo dishi lina faida ya kweli, kwa sababu linaruka kila kilichoharibika baina ya kijiji na kituo cha ardhini. Tonga ilipokatiwa waya wake wa baharini na mlipuko wa volkano Januari 2022, setilaiti ndizo zilizobeba mawasiliano na dunia kwa wiki kadhaa hadi meli ikamaliza kuunga. Lakini hapa kuna mtego. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki nzima. Kama kituo cha ardhini unachotumia kiko nchini, data yako ya kwenda Ulaya bado inaweza kupitia nyaya zilezile za baharini. Dishi linakukinga na daraja lililobomoka, lisiwe sababu ya kudhani umeukwepa mtandao wote wa ardhini.

Na lenyewe lina udhaifu wake. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi, tena saa ileile unayoyahitaji, ingawa kwa kawaida hurudi wingu likipita. Mti mkubwa au ghorofa jirani likiziba anga, mtandao unakatika kila mara setilaiti inapopita nyuma yake. Tarehe 24 Julai 2025 Starlink yote ilizimika duniani kwa saa mbili na zaidi kwa sababu ya hitilafu ya programu.

Kinachosahaulika zaidi ni stima. Dishi la kawaida hula wati 50 hadi 100. Chukua betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100: ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haifai kukaushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Kwa dishi la wati 75 hizo ni saa nane. Usiku mmoja, basi, na kesho yake mawingu hayataruhusu paneli kujaza vizuri. Anayetaka siku mbili anunue betri za kutosha, au awashe dishi kwa dakika ishirini kila baada ya saa chache: kutuma taarifa, kupokea za Idara ya Hali ya Hewa na Msalaba Mwekundu, kuzima.

Maana dishi moja halifikii kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya kila mama mtaani. Linafikisha habari sehemu moja, labda ofisi ya chifu, na kutoka hapo zinasambazwa kwa spika ya msikiti au kanisa, redio ya mtaa, na vijana wa kupita mlango kwa mlango. Kwa hiyo kabla ya masika ulizeni: kifurushi kimelipiwa? Ufunguo wa chumba chenye ruta uko kwa nani, na neno la siri linajulikana na wangapi? Halafu zimeni swichi kubwa jioni moja, dishi libaki kwa betri, na mtu asiye fundi apewe kazi ya kutuma ujumbe akiwa peke yake.