Namba ya kurithi: kwa nini laini mpya huja na mambo ya mtu mwingine

Unanunua laini kwa wakala, unaweka dole gumba, unasajiliwa kwa namba ya NIDA, na kabla jua halijazama meseji zinaanza kumiminika. Shule inakukumbusha ada ya mtoto usiyemjua. Kampuni ya mikopo inakuita kwa jina la mtu mwingine na inakupa mpaka kesho uwe umelipa. Katibu wa kikoba anauliza mbona hisa za wiki hii hazionekani. Ukifungua WhatsApp unajikuta ndani ya kundi la harusi ya ukoo mgeni kabisa, na mwenyekiti wa kamati anakudai ahadi. Hujadukuliwa wala hujarogwa. Umepewa namba ya kurithi.

Namba ya kurithi ni namba ya simu iliyokuwa ya mtu mwingine, ikakaa bila kutumika hadi kampuni ya simu ikaifunga, kisha ikarudishwa sokoni. Kampuni za simu duniani kote hufanya hivyo, na kwa sababu za msingi. Chukua namba zinazoanza na 0754. Baada ya tarakimu hizo nne zinabaki sita, na sita haziwezi kutoa zaidi ya namba milioni moja. Watu wanahama mtandao kufuata vifurushi, wanapoteza simu, wanafariki, na wengine wana laini tatu za kubahatisha tu. Namba zilizoachwa zisiporudi, mfululizo unakauka. Kenya ilibidi mwaka 2019 zianze kutolewa namba za 01, kama 0110 na 0100, kwa sababu zile za 07 zilikuwa zinabana.

Kwa hiyo namba si mali yako. Umeipanga, kama sanduku la posta, na ukiacha kuilipia anapewa mwingine. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kwamba huduma za mtandaoni zimeamua kuwa namba ndiyo wewe.

Hebu fuatilia hatua zenyewe, safari hii wewe ukiwa ndiye uliyeiacha namba. Mwenye laini mpya anafungua ukurasa wa kuingia kwenye mtandao wa kijamii, anaandika namba aliyoinunua jana, anabonyeza "Umesahau nenosiri?" Tarakimu sita zinatua kwenye simu yake. Anaziandika, akaunti inafunguka. Hakuhitaji utaalamu wowote, wala hakuwa anajua jina lako. Jina ameliona akiwa tayari yumo ndani, pamoja na picha za watoto na mazungumzo ya miaka. Watu huchanganya hili na ule wizi wa kubadilisha laini, ambapo tapeli anajifanya wewe mbele ya wakala ili ahamishiwe namba yako ukiwa bado unaitumia. Ule ni jinai tangu hatua ya kwanza. Huku laini imenunuliwa kihalali, na mtu anaweza kujikuta kwenye akaunti yako bila hata kukusudia, alikuwa anajaribu kufungua ya kwake.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walipima jambo hili Marekani. Walichukua namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu zilikuwa zinawapa wateja wapya. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimefungwa kwenye akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Wakachukua tena namba 200 za kurithi na kuzisikiliza kwa wiki moja: 19 ziliendelea kupokea simu na meseji nyeti, zikiwemo namba za uthibitisho na vikumbusho vya dawa za hospitali. Na huko mamlaka ya mawasiliano inataka namba ipumzishwe siku 45 angalau kabla ya kupewa mtu mwingine, na tangu Novemba 2021 kuna hifadhidata ambayo kampuni inaweza kuiuliza kama namba fulani imebadilisha mwenyewe.

Barua pepe nazo zimewahi kurithiwa. Mwaka 2013 Yahoo ilitangaza kwamba majina ya barua pepe ambayo wenyewe hawajaingia kwa mwaka mzima yatagawiwa kwa wanaoyataka. Haikuchukua muda, waliopewa wakaanza kupokea barua za benki, za miadi na za akaunti za wenye majina wa kwanza. Yahoo ikaongeza kitufe cha kusema barua hii si yangu, dawa ambayo inamtaka mtu awe ameshaisoma barua ya mwenzake kwanza! Jibu la maana zaidi lilitoka kwa wahandisi wa Yahoo na Facebook, na mwaka 2014 likawa kiwango rasmi cha intaneti, kinachoitwa RFC 7293. Mtumaji anaandika kwenye kichwa cha barua kwamba ifikishwe tu kama anwani hii imekuwa ya mtu yuleyule tangu tarehe fulani, vinginevyo irudi. Ni wazo jepesi na zuri. Meseji ya simu haina kitu kama hicho. Benki inatuma kwa namba, basi, aliyeishika ndiye anasoma. Google yenyewe, ilipoanza Desemba 2023 kufuta akaunti zilizolala miaka miwili, ilisema anwani ya Gmail iliyofutwa haipewi mtu mwingine.

Fedha za simu kwa kawaida hazifuati namba, kwa kuwa akaunti hufunguliwa upya kwa jina la aliyesajili laini sasa. Lakini shangazi aliyezoea kukutumia hela kwenye namba ya zamani ataendelea kutuma asiposoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Wanaoumia bila kutarajia ni walio mbali. Mtu ameenda Muscat au London, ana laini ya huko, lakini WhatsApp ameiacha kwenye namba ya nyumbani. Inafanya kazi miezi na miezi, kwa sababu WhatsApp haimuulizi kila siku kama laini ingali hai. Laini inafungwa kimya kimya, inauzwa, mnunuzi anajisajili WhatsApp, na aliye Muscat anatolewa. Mnunuzi hazioni meseji za zamani, ila makundi anaweza kuyakuta yalivyo, na kuanzia hapo anasoma kila kitu ukoo unachoandika ukidhani ni wewe.

Ndiyo maana laini haitupwi tu. Kabla hujaiacha, ingia kwenye barua pepe, mitandao ya kijamii, benki, TRA, bodi ya mikopo na mfumo wowote wa maombi ya kazi, ubadilishe namba ukiwa bado unapokea meseji kwenye ile ya zamani. WhatsApp ina sehemu ya kubadili namba kwenye mipangilio, na makundi yanahama nawe. Ukisubiri mpaka laini ife, kila mfumo utakutaka uthibitishe kwa namba uliyokwishaipoteza, na hapo utazungushwa kweli. Akaunti ya barua pepe, ambayo ndiyo inafungua nyingine zote, iwekee programu ya kutoa namba za uthibitisho kwenye simu yenyewe badala ya kutegemea meseji, na zile namba za akiba, unazopewa na akaunti za kuingilia siku simu haipo, ziandike kwenye karatasi.

Na kama wewe ndiye mrithi, usijibu namba za uthibitisho usizoziomba, na ukijikuta kwenye makundi ya watu, waambie laini ina mtu mwingine kisha utoke. WhatsApp ikikudai PIN usiyoijua, ni ya mwenzako aliyetangulia. Huna la kufanya ila kusubiri siku saba ndipo uruhusiwe kuweka yako.