Tume ya ukweli haigawi msamaha wa bure

Mwaloni Kibirizi, mzee mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani alimuuliza binti wa jirani anayesomea shahada ya uzamili ya sheria, upande wa haki ya kipindi cha mpito (yaani namna nchi inavyoshughulikia maovu ya vita au utawala wa mabavu uliopita): "Mwanangu, hayo si ndiyo masomo ya kuwasamehe wauaji?" Hayuko peke yake. Huku Kigoma, tuliopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo miaka nenda rudi, wengi wanaamini haki ya kipindi cha mpito ni kuungama, kupeana mikono, basi.

Chanzo, nadhani, ni Afrika Kusini. Picha za watu wakilia mbele ya Askofu Tutu, aliyeongoza tume ya ukweli iliyochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi wa rangi, zilienea, hesabu hazikuenea. Maombi ya msamaha wa kutoshtakiwa yalizidi 7,000, na mengi yalikataliwa. Kila mtu aliomba kwa jina lake, akatakiwa kueleza yote na kuonyesha kwamba kosa lake lilikuwa la kisiasa. Polisi walioomba msamaha kwa kifo cha Steve Biko, mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, walinyimwa mwaka 1999.

Tena tume ni chombo kimoja tu. Masomo yenyewe yanagusa kesi, fidia, mageuzi ya jeshi na polisi, na ardhi (muulize mkimbizi aliyerudi akakuta shamba lake lina mtu). Hapo Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1994 kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, kifungo cha maisha mwaka 1998.

"Babu, jela nayo tunaisoma," binti alimjibu. Mzee akacheka, akarudi kwenye dagaa wake.