Eti mjini hakuna ndege: dhana potofu kuhusu klabu za kutazama ndege

Mwambie mtu kwamba wikiendi unatoka na klabu kuangalia ndege mjini, jibu ni lilelile, ndege gani sasa, kunguru na njiwa? Hii ndo dhana inayoniuma kuliko zote maana inafanya watu wasiinue kabisa macho juu. Kuna kozi, yule ndege mwindaji ambaye akijiachia kutoka angani kufuata windo anavuka kilomita 300 kwa saa. Kiasili anataga kwenye majabali, na ghorofa refu kwake ni jabali tu, tena na njiwa wa kula wapo kila siku, ndo maana New York na London kuna kozi wanaozaa huko juu ya majengo. Halafu kuna wahamaji, ndege wengi wadogo wanasafiri usiku, kukikucha wanatafuta pa kushuka, na kama jiji zima ni zege basi bustani yenye miti au makaburi ya zamani ndo panajaa. Mabwawa ya majitaka nayo usiyadharau, yananuka ndiyo, ila ndege wa majini wanayapenda sana.

Wengine hawajiungi kwa sababu hawajui majina. Jamani, hakuna anayetegemea uje unajua, duniani kuna spishi zaidi ya 10,000! We elezea tu ulichoona: ana ukubwa wa shomoro au wa njiwa? mdomo mnene wa kuvunja mbegu au mwembamba wa kudonoa wadudu? anatembea au anarukaruka, mkia anautikisa? Ukieleza hivyo mzoefu anabakiwa na majibu mawili matatu, lakini ukisema "alikuwa mweusi" hujamsaidia, maana mwanga ukiwa nyuma yake karibu kila ndege anaonekana mweusi.

Darubini sasa. Watu wanadhani inayokuza zaidi ndo bora, wanatoa hela nyingi bure. Ukiona imeandikwa 8x42, hiyo 8 ni mara inazokuza na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukichukua ya 12, mkono ukitikisika kidogo tu picha yote inacheza, na eneo unaloliona ni dogo, ndege akiruka tawi moja ushampoteza. Ya 8 inatosha kabisa. Na usiinamishe kichwa kuitafuta shingoni, mkazie ndege macho halafu ipandishe mpaka ikutane na macho yako, utamkuta yupo palepale.

Kuna wanaoona kupiga rekodi ya mlio kwenye simu ili ndege ajitokeze ni sawa tu, eti si sauti tu. Kwa ndege dume mwenye eneo lake hiyo ni sauti ya mvamizi, anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupambana na mtu asiyekuwepo. Wakati wa kuzaliana naomba sana tusifanye hivyo.

Na ile ya kwamba ukimshika kinda mama yake atamkataa sio kweli, harufu ya mkono haimfanyi mzazi amtupe mwanawe. Ila kinda mwenye manyoya aliye chini mara nyingi anajifunza tu kuruka, muache.

Mwisho, watu huona kuandika ndege wa kawaida ni kupoteza muda, wanasubiri wa adimu. Shomoro walikuwa wa kawaida mno Uingereza, wakapungua vibaya kuanzia miaka ya 1970, na hilo lilijulikana kwa sababu kuna watu walikuwa wanawahesabu hata walipokuwa wengi. Kule Marekani hesabu ya ndege ya Krismasi inaendeshwa na watu wa kujitolea tangu 1900. Kwa hiyo kwenye matembezi ya klabu andika wote, na idadi pia sio jina tu, hata kama asubuhi nzima mmepata spishi nne.