Asiyepukutisha manyoya si lazima awe salama kwa mwenye mzio

Matangazo ya watoto wa mbwa Kampala siku hizi hayakosi neno "haipoalejeniki", na wauzaji hulitumia kana kwamba hata mwenye pumu anaweza kulala na mbwa huyo kitanda kimoja. Maana yake ni ndogo kuliko hivyo: kitu chenye uwezekano mdogo wa kuamsha mzio. Mdogo, si sifuri. Lilienezwa na matangazo ya vipodozi Marekani miaka ya 1950, halafu likahamia kwa mbwa bila mtu kuliwekea kipimo.

Kupukutisha ni habari ya manyoya. Mbwa wa aina kama pudo mdogo, Maltese, Bichon Frise na Shih Tzu wana nywele zinazokua muda mrefu kabla ya kung'oka, na nyingi zinazong'oka hunaswa humo humo mwilini, kwa hiyo sofa hubaki safi. (Japanese Spitz, yule mweupe ambaye watu humdhania ni Maltese, hayumo kabisa: ana manyoya ya tabaka mbili na huyamwaga kwelikweli.)

Mzio una chanzo kingine. Unaletwa na protini, na kuu kati yake huitwa Can f 1, inayopatikana kwenye mate na mba. Mbwa akijilamba, mate hukauka juu ya manyoya na kugeuka vumbi jepesi linaloelea hewani. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012 ulikuta Can f 1 nyingi zaidi kwenye manyoya ya hao wanaoitwa haipoalejeniki, na hewa ya nyumba zao haikuwa na nafuu yoyote. Hata Wally Conron wa Australia, aliyechanganya Labrador na pudo mwaka 1989 ili kupata mbwa wa kumwongoza kipofu wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio, alipata watoto watatu wa mbwa. Ambaye hakumwamshia mume huyo mzio ni mmoja tu.

Ipo pia Can f 5, inayotoka kwenye tezi dume. Mtu ambaye vipimo vinaonyesha anadhurika na hiyo peke yake huenda akaishi vizuri na jike, au dume aliyehasiwa, wa aina yoyote ile.

Na manyoya yasiyodondoka yana kazi yake. Yachane kwa kitana cha chuma hadi kwenye ngozi, kila siku au siku moja baada ya nyingine, hasa nyuma ya masikio, makwapani na chini ya mkanda wa shingo. Fumua mafundo kabla ya kuogesha, maana maji huyakaza. Majira ya mvua, fundo lililolowa huchubua ngozi na kuficha kupe. Yapunguzwe kila wiki 4 hadi 8. Kuogesha hupunguza Can f 1, lakini baada ya siku tatu hivi huwa imerudi.

Kwa hiyo anayeuza Maltese aseme tu "hapukutishi sana". Hapo atakuwa amesema kweli. Mwenye mzio naye, ikiwa daktari hajamkataza, ashinde saa kadhaa na mbwa huyo huyo anayetaka kumnunua, si ndugu yake, mara mbili au tatu kabla ya kutoa pesa, amshike na kumwacha amlambe mkono.