Kabla ya kununua mandhari ya Lushoto, kagua mteremko

Simu ninazopokea kutoka Dar es Salaam siku hizi zinafanana. Baba au mama wa familia amechoka na foleni na joto, kazi yake sasa anaweza kuifanya kwa kompyuta au amebakiza muda mfupi kustaafu, na wikendi moja alipanda Lushoto akarudi na picha za mwamba wa Irente. Anauliza: kiwanja chenye mandhari kule ni shilingi ngapi?

Mimi ni mthamini wa ardhi na majengo, kwa hiyo swali la bei ndilo linalonilipa. Lakini kwa familia inayohama moja kwa moja, na watoto wa shule na pengine bibi mwenye presha, bei ni swali la mwisho. La kwanza ni mteremko.

Lushoto ipo kwenye Milima ya Usambara Magharibi, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unapanda kama mita 1,000 kwa safari ya kilomita thelathini na kidogo. Wajerumani waliukimbilia mji huu kuepuka joto la pwani na kuuita Wilhelmstal, na baada yao gavana wa Kiingereza akawa na makazi yake ya mapumziko hapa. Wote walifuata kile unachokifuata wewe: baridi, na jicho kuona mbali. Ila ardhi inayokuonyesha mbali ni ardhi inayoteremka, na huo mteremko ndio utakaoamua msingi wa nyumba yako utakula kiasi gani, maji yatakufikiaje, gari litapanda au litaachwa barabarani, na mtoto atatembea muda gani kwenda shule. Kila mandhari niliyowahi kuithamini ilikuwa na gharama yake chini ya miguu.

Kwa hiyo nikifika kwenye kiwanja huwa naligeuzia bonde mgongo. Natazama kilima kilicho juu ya kiwanja.

Kwanza miti. Mti uliosimama kwenye udongo uliotulia huota wima tangu shinani. Ukikuta mikaratusi au misonobari kadhaa mashina yake yamepinda kwa chini kisha yakanyooka kwenda juu, yote ikielekea upande mmoja wa bonde, ujue udongo wa pale unashuka polepole na miti imekuwa ikijirekebisha mwaka hadi mwaka. Mti mmoja uliopinda hauna habari kubwa. Safu nzima ina habari.

Halafu nyumba ya jirani. Kwenye mteremko fundi hukata kilima upande wa juu na kumwaga udongo uleule upande wa chini ili apate uwanja bapa. Nusu ya nyumba inakaa kwenye ardhi asilia, nusu nyingine kwenye udongo wa kujaza, ambao hata ushindiliwe vipi utaendelea kushuka kidogo. Matokeo yake ni ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kushuka kuelekea msingi. Ufa wa plasta ni mwembamba na hauna mpango maalumu. Huu wa mshazari huwa mpana juu, mwembamba chini, na ukipakwa rangi leo utarudi baada ya masika. Ukiona nyumba mbili tatu za mtaa mmoja zina ufa wa namna hiyo upande uleule, achana na bei, hata kama ni ya kutupa.

Tatu, ukingo uliokatwa. Kama muuzaji ameshachonga uwanja, sogea kwenye ule ukuta wa udongo uguse. Ukiwa mbichi mwezi wa Februari, wakati hakujanyesha kitambo, kuna maji yanayopita ndani ya kilima. Hapo utahitaji ukuta wa mawe wa kushikilia udongo, wenye matundu ya kutolea maji na mtaro nyuma yake, na wateja wangu wengi hushtuka wakisikia kwamba ukuta huo unaweza kugharimu sawa na sehemu kubwa ya nyumba yenyewe. Dalali hakutajii ukuta huo kamwe. Picha zake amepiga jioni ya kiangazi, jua linazama juu ya nyika ya Mkomazi, na ukingo uko nyuma ya kamera.

Mwisho namtafuta mzee. Si muuzaji wala mjumbe aliyeletwa na muuzaji, bali mtu anayelima shamba la jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Masika maji yanapita wapi hapa?"

Asilimia kubwa ya ukaguzi wangu imo kwenye jibu lake. Atanyoosha mkono aonyeshe mkondo ambao Septemba huuoni kabisa, una majani tu na njia ya mbuzi. Wasambaa wanaujua udongo wao kuliko ramani yoyote. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa kuhifadhi udongo bonde la Mlalo mwaka 1946 na kuwalazimisha watu kulima kwa matuta ya kukinga maji, wakulima waliukataa mpaka ukafa, na mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa mzigo wa kazi ambao faida yake hawakuiona. Mmomonyoko wenyewe ulikuwapo na bado upo. Ila usifike na ramani yako ya simu ukadhani umeleta taarifa mpya.

Wapo wanaoniona nazidisha. Nawakumbusha Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi mjini na kuua watu zaidi ya 80. Katesh ni mji mdogo mzuri, mlima umesimama juu yake kama picha. Sisemi Lushoto ni Katesh, miamba na udongo ni tofauti. Nasema mji ulio chini ya mlima unakaguliwa kuanzia juu, tena pamoja na korongo lililo nje ya mpaka wako.

Tuje kwenye maji. Sehemu kubwa ya milimani hutumia maji ya mserereko: chanzo kiko juu, maji yanashuka bombani kwa uzito wake yenyewe, hakuna pampu. Ni mfumo mzuri na wa bei nafuu, lakini una tabia mbili. Aliye juu hupata kwanza, na kiangazi aliye mwisho wa bomba husikia hewa tu. Masika nayo, chanzo kikiingiliwa na udongo, bomba hutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa kwa siku kadhaa. Uliza chanzo kiko wapi, jumuiya ya watumia maji inasimamiwa na nani, na nyumba yako ni ya ngapi kwenye mstari. Kama unaambiwa kiwanja kina chemchemi yake, panda juu ya chemchemi uone vyoo vya shimo vya majirani viko wapi. Na usifurahie sana kuwa nayo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji au ukingo wa mto. Kwenye kiwanja kidogo cha bondeni, mita 60 zinaweza kukibeba chote. Nimeona viwanja vinavyouzwa kwa sifa ya "mto unapita uani", na sifa hiyohiyo ndiyo inayokufanya usiruhusiwe kujenga.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, nyembamba, ya kona, na unaigawana na Fuso zilizojaa kabichi, karoti na viazi zikishuka kuelekea masoko ya Dar. Mvua kubwa ikinyesha, udongo na mawe huanguka na kuifunga, wakati mwingine kwa saa kadhaa, wakati mwingine zaidi. Hiyo bado ni barabara kuu ya kwenda mjini. Kipande kinachokuhusu wewe kila siku ni kile cha mwisho, kutoka lami hadi mlangoni, cha udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Barabara za mtaa na za vijijini zipo chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo, na matengenezo hufuata bajeti. Kama gari dogo halifiki kwenye nyumba mwezi wa Aprili, basi mgonjwa wa usiku atabebwa mpaka lami. Mji una hospitali ya wilaya kwa mambo mengi. Yanayohitaji bingwa humaanisha kushuka Mombo kisha hospitali ya Bombo jijini Tanga au ya KCMC Moshi, na ni safari ya saa kadhaa. Familia yenye mtu anayehudhuria kliniki ya figo au moyo mara kwa mara, nawashauri waziwazi wakae Moshi au Tanga, halafu Lushoto waje kutembea. Wengine hukasirika.

Shule nazo zina hila ya milimani. Unasimama barazani, unaona shule ng'ambo ya bonde, unasikia hata kengele. Kwa macho ni pale. Kwa miguu ni kushuka hadi kijito na kupanda upande wa pili, na mtoto wa darasa la pili ataifanya safari hiyo akiwa na sweta lililolowa ukungu. Itembee njia hiyo wewe mwenyewe asubuhi ya siku ya shule, saa moja kasoro. Mtandao wa simu vivyo hivyo: kilima kimoja katikati yako na mnara, na mkutano wako wa kazi umeisha. Nenda na laini mbili, jaribu ukiwa ndani ya chumba, si uani.

Baridi haihitaji maelezo marefu. Juni hadi Agosti joto la usiku hushuka karibu nyuzi 10, nguo hukaa kambani siku mbili, viatu vya kabatini huota ukungu. Mwenye pumu afikirie mara mbili.

Karatasi sasa. Hapa watu wa mjini huanguka kwa sababu wanadhani ardhi yote ni ya aina moja. Kiwanja kilichopimwa ndani ya mji kinaongozwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, na kinaweza kuwa na hati ya miaka 33, 66 au 99. Shamba la kijijini, ambako mandhari makubwa yako, linaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo. Huko halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia na mkutano mkuu wa kijiji una kauli yake. Mhuri wa mwenyekiti peke yake kwenye karatasi ya mauziano hautoshi. Hati ya haki miliki ya kimila ni halali kabisa kisheria, lakini ukija kuomba mkopo wa ujenzi, benki nyingi zitaiangalia kwa jicho la pembeni. Kama kiwanja kina hati, nenda ofisi ya Msajili wa Hati uhakikishe jina na kama kuna rehani, kisha mwite mpimaji azitafute bikoni zote, yaani alama za mipaka. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe. Nyumba ya familia haiuzwi bila hiyo. Kama kiwanja kinapakana na msitu wa Magamba, waulize watu wa misitu mpaka wa hifadhi uko wapi kabla hujamuuliza muuzaji. Na kama mmoja wenu ameshachukua uraia wa nje, anzeni kwa wakili, maana asiye raia hamilikishwi ardhi hapa bila masharti maalumu ya kisheria.

Wengine huniuliza kama kuna mji mwingine usio na usumbufu huu. Njombe ina nafasi zaidi na barabara nzuri, ila baridi yake ni ya kuwasha moto kila jioni. Tukuyu ina udongo wa volkano unaootesha chochote, na mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Paa lisiloezekwa vizuri halidumu. Bukoba ina ziwa na uwanja wa ndege, lakini tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi za matofali yasiyo na nondo, kwa hiyo kule swali langu la kwanza huwa la lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta, si la mteremko. Kwa maoni yangu Lushoto bado inashinda kwa familia yenye watoto wadogo na wazazi wenye afya, kwa sababu mji una mahitaji yote ya kawaida ndani ya mwendo mfupi, chakula ni kibichi na cha bei ya chini, na majirani watakuuliza hali kabla hujafungua mabegi. Jifunzeni Kisambaa kidogo, na msikose misibani.

Ushauri wangu wa kitaalamu kwa aliyeamua: usinunue kwanza, panga. Pangisha nyumba ya Dar, uchukue ya Lushoto kwa miezi sita inayobeba masika yote, Machi hadi Mei, kisha baridi ya Juni na Julai. Wenye nyumba wengi watataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali atataka ya mwezi mmoja juu yake, kwa hiyo kabla ya kulipa andikishaneni kwenye mkataba nani anatengeneza paa likivuja na nani analipia tangi la maji. Hamia Februari, jua likiwa bado linawaka na lori la vyombo linaweza kupanda mpaka mlangoni.