Kukeneka maarifa: modeli kubwa inapoifundisha ndogo

Kukeneka maarifa ni kuifunza modeli ndogo (programu ya akili bandia inayojifunza kutokana na mifano) kwa kutumia majibu ya modeli kubwa iliyokwisha kufunzwa. Kubwa huitwa mwalimu, ndogo mwanafunzi. Bucilă, Caruana na Niculescu-Mizil walichapisha wazo la kubana modeli hivi mwaka 2006; mwaka 2015 Geoffrey Hinton na wenzake wakalipa umbo tunalolijua leo.

Utamu wa mbinu hii umo katika majibu ambayo mwalimu hakuyachagua. Lebo ya kawaida ya picha, yaani jibu sahihi lililobandikwa juu yake, husema tu "paka". Mwalimu hutoa alama kwa kila jibu: tuseme paka 10, chui 6, lori 1. Zikigeuzwa kuwa uwezekano, paka hupata 98%, chui chini ya 2%, lori karibu sifuri. Habari kwamba picha inakaribia chui kuliko lori imo humo, ila imefifia mno. Ndiyo maana alama hugawanywa kwanza kwa namba iitwayo halijoto. Kwa halijoto ya 4, paka hushuka hadi 68%, chui hupanda hadi 25% na lori 7%. Hapo mwanafunzi ana cha kujifunza.

Vigezo vya mwalimu, yaani namba za ndani ambazo modeli hujifunza, haviguswi. Mwanafunzi hupimwa mara mbili: dhidi ya mgawanyo wa mwalimu, wote wakiwa kwenye halijoto moja, na dhidi ya lebo halisi kwenye halijoto ya 1. Kila kipimo hutoa kosa lake; lile la kwanza, dhidi ya mwalimu, lizidishwe kwa mraba wa halijoto. Wengi husahau hapa, na kwa halijoto ya 4 msukumo wa mwalimu hufifia takribani mara 16, mwanafunzi akabaki kufuata lebo tu.

Picha ya mafunzo ikikatwa au kugeuzwa, mwalimu na mwanafunzi waione ileile. Kwa modeli za lugha, msamiati usipolingana, uwezekano wa tokeni (vipande vya maneno) hauwezi kulinganishwa moja kwa moja. Mwalimu mkubwa kupita kiasi naye si baraka: mwanafunzi mdogo sana hushindwa kumwiga, na mwalimu wa wastani huweza kumfaa zaidi.

Mfano ni DistilBERT ya mwaka 2019, mwanafunzi wa modeli ya lugha iitwayo BERT: ilipunguza tabaka 12 za BERT (hatua za uchakataji zilizopangwa moja juu ya nyingine) hadi 6, na vigezo milioni 110 hadi 66, ikabaki na 97% ya ufanisi wake kwenye GLUE, mkusanyiko wa majaribio ya kuelewa lugha. Haikuanza na vigezo vya kubahatisha: ilirithi tabaka moja kati ya kila mbili za mwalimu. Kama maumbo ya tabaka za modeli hizo mbili yanalingana, anzeni hivyo.